Kipimo kilisema mishipa ya baba ni mizima

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni daktari, mwanamke wa miaka 34, nimeolewa na nina mtoto wa miaka mitatu. Naomba jina langu na la hospitali yangu yasitajwe. Nimeanza kusoma safu yako nikiwa kidato cha tano na sikuwahi kudhani ipo siku nitakuandikia.

Nilimaliza uzamili wa magonjwa ya ndani mwaka juzi. Kila Jumanne nakuwa kliniki ya kisukari, na haipiti Jumanne bila mtu kuvua soksi harufu ikatangulia. Vidole vyeusi. Mwingine ameanzia kwa mganga, mwingine amepita zahanati mbili akapewa dawa ya kupaka. Wapo ambao hawakuhisi chochote kwa sababu kisukari kilishaua neva za unyayo, wakashinda siku nzima na msumari ndani ya kandambili. Kwa wengi wao kidonda si mwanzo wa shida. Shida iko juu zaidi, kwenye ateri za mguu, ile mishipa inayopeleka damu, zilizoziba. Damu haishuki, na kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi hata ukikiosha mara tatu kwa siku.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Baba yangu, ambaye bado yuko Muheza, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko. Nilipokuwa mwaka wa nne wa udaktari, yeye akiwa ameishi na kisukari zaidi ya miaka kumi, alipata kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Nikampeleka hospitali moja kubwa. Wakampima kile kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na presha ya mkono. Unafunga mkanda juu ya kifundo, unaweka dopla, kifaa cha kusikilizia damu, juu ya unyayo, unasikiliza mlio wa damu, shwaa, shwaa, kisha unagawa namba ya mguu kwa namba ya mkono. Ikishuka hadi 0.9 au chini yake, maana yake ateri zimeziba. Ya baba ilikuwa 1.1. Daktari akaniachia mimi nimweleze, kwa kuwa ndiye msomi wa familia. Nikamwambia kwa furaha, "Baba, mishipa yako ni mizima, hiki kidonda kitapona." Tukarudi nyumbani. Baada ya miezi mitatu mguu ulikatwa juu ya goti.

Nilipofika uzamili ndipo nikajifunza kwamba kwa mtu aliyekaa na kisukari muda mrefu, ukuta wa ateri unaweza kujaa kalsiamu ukakakamaa kama bomba la maji. Mkanda unashindwa kuubana, namba inapanda, mgonjwa anaonekana mzima. Ateri ndogo za vidole mara nyingi hazipatwi na ugumu huo, kwa hiyo angepimwa presha ya kidole kwa mkanda mdogo, huenda ukweli ungeonekana. Mkanda huo haukuwepo siku ile. Kwenye kliniki yangu mpaka leo haupo.

Mwezi uliopita nimepata nafasi ya shahada ya uzamivu, miaka minne, kwa mtindo wa kwenda na kurudi. Miezi kadhaa kila mwaka nitakuwa Sweden kwa masomo na uchambuzi, muda uliobaki niko hapa nyumbani nafuatilia wagonjwa. Mada ni ateri za miguu kwa watu wenye kisukari, na namna ya kugundua mapema zile zinazoziba, kwa vifaa ambavyo hospitali ya wilaya inaweza kumudu. Nilipoisoma nililia. Ni kama aliyeiandika alikuwa ameketi kwenye kitanda cha baba.

Lakini hospitali yangu ndiyo iliyonilipia uzamili. Nilisaini kuitumikia miaka mitatu na nimemaliza karibu miwili. Mkuu wa idara hakunikataza, ila alisema neno linalonirudia usiku: "Kliniki ina watu mia na mabingwa watatu. Wewe ukienda kuhesabu mishipa, hawa watamwona nani?" Yeye angependa niende ubingwa bobezi wa moyo na mishipa, nijifunze kupitisha katheta, ule mrija mwembamba, ndani ya mshipa na kuzibua ateri kwa puto, nirudi niokoe miguu kwa mikono yangu. Rafiki yangu tuliyesoma wote anasema nitarudi daktari wa kompyuta. Mume wangu ameniambia niende, lakini nikitaja Sweden ananyamaza. Posho ni ndogo kuliko mshahara pamoja na kliniki ya jioni ninayofanya pembeni, na mimi ndiye ninayelipa ada za wadogo zangu wawili. Mama aliposikia aliuliza tu, "Hiyo shule haiishi? Si ulishakuwa daktari mara mbili?"

Nikiwa kliniki, naona nikienda nitawasaliti wale walioko kwenye benchi. Nikiwa nyumbani, naona nikibaki nitamsaliti baba. Natakiwa kujibu kabla ya mwezi kwisha. Nifanye nini?

Daktari wa Jumanne,
Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, Daktari wa Jumanne.

Pole, na asante kwa kuniamini na jambo zito kiasi hiki. Wasomaji wa zamani wanajua kwamba kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi miaka 31, mingi kwenye wodi ya upasuaji. Nimewalaza watu wengi waliokatwa mguu. Usiku wa pili au wa tatu mgonjwa anakuita, anakuomba umkune kidole. Unafunua shuka, mguu haupo, naye anajua haupo, lakini kidole kinawasha. Niliposoma barua yako niliukumbuka usiku wa namna hiyo, kwa sababu naona nawe kuna mahali panakuwasha ambapo mkono haufiki.

Umeniandikia kana kwamba swali ni moja, niende au nibaki. Nimesoma barua mara tatu na naona yamefungwa matatu kwenye kanga moja. Kuna la mkataba, ada na ndoa. Kuna hofu kwamba ukishika utafiti mkono wako utamsahau mgonjwa. Halafu kuna ile 1.1. Niruhusu niyafungue moja moja, na la mwisho niliweke mwisho kwa makusudi.

Nianze na maneno ya mkuu wako, maana ndiyo yanayokuuma. Hajakosea. Watu mia kwa mabingwa watatu si hesabu ya kuchezea, na mwenzako atakayebaki atachoka. Ila kuna kitu ndani ya swali lake ningependa ukitazame upya. Anasema "kuhesabu mishipa" kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine, mbali na benchi. Wewe mwenyewe umeniambia kwamba namba ya baba ilidanganya. Jiulize, ni nani duniani aliyegundua kwamba namba ile inaweza kudanganya? Hakuwa mtu wa vitabu peke yake, kwa sababu kwenye karatasi 1.1 inaonekana nzuri. Hakuwa daktari wa kliniki peke yake, kwa sababu daktari wa watu mia hana dakika ya kukaa na namba moja akaitilia shaka. Ilihitaji mtu aliyeona unyayo unakuwa mweusi huku namba ikisema ni mzima, akapata nafasi ya kuuliza kwa nini, akauliza kwa watu wengi, akaandika. Ujuzi uliokuja kukufungua macho ukiwa uzamili, uliletwa kwako na madaktari waliotoka kwenye benchi kwa muda.

Nilimpigia daktari mmoja mtafiti niliyefanya naye kazi zamani, nikamwomba anisimulie hilo puto analolisifia mkuu wako lilitoka wapi. Akanipa kisa kilichonikalia siku nzima. Januari 1964, huko Portland, Marekani, alikuwepo bibi wa miaka 82 mwenye mguu ulioanza kuoza kwa sababu ateri ya paja imebana. Madaktari wakataka kuukata. Bibi akakataa katakata. Daktari wa eksirei aitwaye Charles Dotter akapitisha waya mwembamba pale palipobana, akafuatisha katheta nyembamba, kisha nyingine nene zaidi, mpaka njia ikafunguka. Mguu ukapata joto. Bibi alitembea kwa miguu yake mpaka alipofariki, zaidi ya miaka miwili baadaye. Madaktari wengi wa nchini kwake hawakumjali Dotter. Ilibidi apatikane Mjerumani, Andreas Grüntzig, aliyekuwa Zürich, akakaa jikoni kwake jioni akiunda vijiputo vya kufunga kwenye katheta, akavijaribu kwenye miguu, na mwaka 1977 akazibua kwa puto mshipa wa moyo wa mtu aliye macho. Ni miaka 13 tangu yule bibi alipokataa kukatwa.

Sikusimulii hayo ili nikusukume uende. Nasimulia kwa sababu mkuu wako amekuwekea puto upande mmoja na utafiti upande mwingine, na mimi naona puto lenyewe ni mtoto wa utafiti, na mama yake ni mgonjwa mmoja mbishi.

Na hapa kwetu usidhani hakuna aliyepita njia hiyo. Profesa Julie Makani alisomea udaktari Muhimbili, na tangu 2004 yeye na wenzake wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hapo hapo Dar es Salaam, huku wakiwatibu. Selimundu nayo hushambulia mishipa. Ateri za ubongo wa mtoto zinaweza kubana akapata kiharusi kabla hajamaliza shule ya msingi. Ndugu ya ile dopla uliyoniambia inalia shwaa juu ya unyayo, ukiiweka kwenye panja la mtoto inakuambia damu inapita kwa kasi gani ubongoni. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba watoto ambao damu yao inapita kwa kasi ya hatari, wakiongezewa damu mara kwa mara, kiharusi cha kwanza hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mbinu ni ile ile. Kilichoongezeka ni mtu wa kuuliza.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa nimekudanganya kama ile namba.

Miaka minne ni mingi. Uzamivu huwa unateleza mpaka mitano, mpaka sita. Kibali cha maadili kinakawia, mashine inaharibika, wagonjwa uliowaandikisha wanahama bila kukuaga. Mkono nao husahau kweli, rafiki yako hajasema uongo, na kama hutaweka siku ya kliniki ndani ya ratiba yako tangu mwanzo, hakuna atakayekuwekea. Yule daktari niliyempigia aliniambia kwamba hata Marekani, ambako tangu 1964 serikali inawalipia baadhi ya vijana wasome udaktari na uzamivu kwa pamoja, hali haikuwa nyepesi. Mwaka 1979 daktari mkubwa wa kule, James Wyngaarden, aliandika kwamba daktari mtafiti ni kiumbe aliye hatarini kutoweka. Sababu ni zile zile ulizoniandikia: miaka mingi ya masomo, kipato kidogo, na kazi ya wodini inayokuvuta shati. Kwa hiyo mwanangu, unapojiona dhaifu kwa sababu ya ada za wadogo zako, ujue uzito huo si wako peke yako.

Ubingwa bobezi nao una ya kwake. Ni kazi ya heshima na matokeo unayaona siku hiyo hiyo. Lakini puto linataka chumba chenye mashine, waya, dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha ya eksirei, na figo zinazoweza kuihimili dawa hiyo, nawe unajua wagonjwa wa kisukari figo zao zikoje. Zaidi ya hapo linataka mgonjwa afike mapema. Wale wa Jumanne wanafika kidole kikiwa kimeshakufa. Ukirudi na ujuzi huo ukakuta bado wanakuja wakiwa wamechelewa, na mkanda mdogo wa kidole bado haupo, utajisikiaje? Labda vizuri, kwa wale wachache utakaowawahi. Hilo unalijua wewe.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliandika, na kwa macho ya muuguzi ndilo kubwa kuliko yote kwenye huo uzamivu. Tuseme umeanza. Umempima mzee wa Mbagala kwa kifaa chako kipya, umegundua ateri yake imeziba, kidonda bado hakijatokea. Utampeleka wapi? Nani atamzibua? Kama jibu ni kwamba jina lake litaingia kwenye kompyuta naye atarudi nyumbani, basi umekuwa kama yule aliyempima baba, tofauti ni kwamba safari hii namba itakuwa ya kweli. Mwulize msimamizi wako swali hilo kabla hujasaini. Mwulize pia nani msimamizi wa hapa nyumbani na ana muda gani, damu za wagonjwa zitahifadhiwa wapi na nani ana haki nazo, na vile vifaa vitabaki kliniki au vitapanda ndege na mradi ukiisha. Msimamizi mzuri atafurahi kuulizwa. Akikereka, hilo nalo ni jibu.

Unaona pia kwamba swali hilo linamrudisha mkuu wako mezani? Mtu anayejua kugundua anamhitaji anayejua kuzibua. Huenda katika hao mabingwa watatu yupo anayetamani huo ubingwa bobezi, na mkakubaliana nani anaanza. Huenda chuo cha Sweden kitakubali usubiri mwaka mmoja umalize mkataba wako, ukautumia mwaka huo kufanya jambo dogo: kuandika kwenye daftari, Jumanne hadi Jumanne, wangapi walikuja na namba nzuri na mguu mbaya. Hatari yake ni kwamba nafasi za namna hii huwa hazisubiri, na mwaka mmoja kwenye kliniki ya watu mia humeza mtu. Nimewaona waliosema "mwakani" mpaka wakastaafu. Nimewaona pia walioondoka kwa haraka wakadaiwa fedha za mkataba wakiwa ugenini, wakakosa usingizi. Usome mkataba ule wewe na mtu wa utumishi, mstari kwa mstari. Mara nyingine muda wa kukusanya taarifa ndani ya hospitali yako unaweza kuhesabiwa kuwa ni utumishi. Huwezi kujua mpaka uulize.

La mumeo nitasema kidogo, kwa kuwa na wewe umeandika kidogo. Kimya cha mtu aliyesema "nenda" kinaweza kuwa na mambo mengi: mtoto atalala na nani, watu wa kwao watasema nini, utarudi ukiwa nani. Usimwulize tena kama anaunga mkono. Mwulize anaogopa nini. Na za ada ziandikeni wote wawili kwenye karatasi moja, mwezi kwa mwezi kwa miaka yote minne, wadogo zako nao wakijua. Mama muache na swali lake. Naona ni swali la mzazi aliyechoka kumsubiri mwanawe amalize kazi akae.

Nije sasa kwenye 1.1.

Uliandika kwamba ukibaki utamsaliti baba. Nimejiuliza, yeye amesema? Nimerudia barua nzima kumtafuta. Mumeo kasema nenda, mkuu wako kauliza, rafiki yako kakukejeli, mama kanung'unika. Baba hajasema neno hata moja. Na sikuona mahali uliposema kwamba ulimweleza kilichotokea kwenye kipimo kile. Nisamehe kama nimekosea, lakini nadhani bado anaamini mishipa yake ilikuwa mizima na kidonda kilikuwa na bahati mbaya tu, nawe umebeba ukweli huo peke yako tangu uzamili.

Ulikuwa mwanafunzi. Hukushika mkanda, hukushika dopla, ulipewa namba ukaambiwa umweleze mzee. Ningekuwa wodini siku ile, mimi mwenye miaka yangu yote, ningefurahi pamoja nawe. Sikwambii ili hatia iondoke, haiondoki kwa kuambiwa. Nakwambia kwa sababu miaka minne ya uzamivu ni mirefu mno kuibeba kwa ajili ya kulipa deni ambalo mwenye nalo hajakudai. Mtu anaweza kuingia utafiti akiwa na kidonda na akafanya kazi nzuri sana, nimewaona. Ila siku kipimo chako kitakapokataa kufanya kazi, na siku hiyo itakuja, anayelipa deni huvunjika, na aliyekuja kuuliza swali husema, "Kumbe," akaendelea. Wewe uko upande gani sijui. Huenda uko pande zote mbili.

Una siku chache kabla ya kujibu. Labda siku moja kati ya hizo ungeipeleka Muheza. Kaa naye barazani, mweleze mkanda, ateri zilizokakamaa, kidole ambacho hakikupimwa, kama ambavyo ungemweleza mgonjwa wako wa Jumanne. Ni mwalimu, atauliza maswali. Usiende kumwomba ruhusa wala msamaha, nenda umwambie tu, kisha usikilize atakachouliza kwanza.

Ukirudi, kama bado una nafasi moyoni, niandikie. Nitakuwa nakusubiri.

Shangazi yako